Kiatu cha Ngozi Kinachofunguka: Namna Ninavyochagua Viatu vya Kiume Hapa Mwanza

Watu wengi wanaponunua kiatu cha ngozi hukishika kwa juu, wakatazama mng'ao, wakapitisha kidole kwenye ncha, kisha wakauliza bei. Mimi hukigeuza kwanza. Natazama soli, natazama mahali soli inapokutana na ngozi, halafu naingiza mkono ndani na kupapasa sakafu yake, kwa sababu swali ninalotaka lijibiwe kabla ya mengine yote ni hili: siku soli hii itakapokwisha, je, fundi ataweza kuibandua na kushona nyingine bila kuiumiza sehemu ya juu? Kiatu chenye jibu la ndiyo kinastahili kuzungumziwa bei. Kiatu chenye jibu la hapana, hata king'ae namna gani, kimeshapangiwa mwisho wake tangu kiwandani.

Naandika haya kwa sababu mpwa wangu ameajiriwa ofisini na ameniomba nimsaidie kuchagua jozi mbili, moja ya kazini na moja ya siku za kawaida. Nilipoanza kumjibu kwa ujumbe wa simu niliona kwamba jambo lenyewe ni pana kuliko ujumbe, na kwamba vijana wengine wa hapa wanaweza kunufaika nalo. Jiji letu limekaa juu ya mawe. Anayeshuka asubuhi kutoka Bugarika au Isamilo hukanyaga mawe, ngazi za saruji, changarawe na mifereji kabla hajafika kwenye lami; kuanzia Oktoba mvua za vuli huanza, masika hufuata Machi hadi Mei, na miezi ya kiangazi ni vumbi tupu. Soli ya kiatu cha mtu anayetembea katika mazingira hayo huisha, hakuna njia ya kuliepuka hilo. Bahati nzuri tunao mafundi wa viatu karibu kila mtaa, na ujuzi wao ni mkubwa kuliko heshima tunayowapa. Kwa hiyo mnunuzi wa Mwanza ana sababu kubwa kuliko mnunuzi wa miji mingi ya kutafuta kiatu kinachofunguka, yaani kinachoweza kubadilishwa soli.

Njia za kuunganisha soli na sehemu ya juu ni nyingi, lakini katika viatu vya kiume vya ngozi zipo tatu ambazo mnunuzi anapaswa kuzitambua kwa macho na vidole. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya viatu vingi vilivyomo madukani, ni ya gundi peke yake. Ngozi ya juu huvutwa juu ya kalibu, yaani umbo la mguu la mbao au plastiki, kingo zake hukunjwa chini na kupakwa gundi, kisha soli iliyokwisha kufinyangwa hubanwa hapo kwa mashine. Gundi ya kisasa ina nguvu na si haki kuidharau. Kiatu cha gundi kilichotengenezwa kwa uangalifu kinaweza kumtumikia mtu vizuri kwa muda wa kutosha. Shida huja baadaye. Soli ya namna hiyo mara nyingi ina kingo zinazopanda juu kidogo na kuifunika ngozi, na ikichakaa fundi hana pa kushona. Ataibandua, ataweka soli nyingine kwa gundi yake, lakini ile ngozi iliyokunjwa chini imekwisha kukwaruzwa na kulainishwa, na haishiki tena kwa nguvu ya mwanzo.

Njia ya pili hutumia mshono mmoja unaotoka sakafu ya ndani, ukapenya ngozi iliyokunjwa, ukatokea kwenye soli ya nje. Mashine yake ilibuniwa na Mmarekani Lyman Blake, aliyepata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, mwaka 1858, na mpaka leo mshono huo unaitwa kwa jina lake. Utautambua kwa kuinua kile kingozi chembamba kilichotandikwa ndani: chini yake utaona au utapapasa mstari wa uzi ukizunguka. Kiatu cha Blake huwa chepesi, chembamba na kinapinda vizuri, na moka nyingi nzuri, yaani viatu visivyo na kamba, kutoka Italia zimeshonwa hivyo. Udhaifu wake ni maji, kwa kuwa matundu ya sindano yanatoka chini ya soli hadi ndani kabisa, na kwenye madimbwi ya Aprili soksi hulowa mapema. Tena, kuishona upya vizuri kunahitaji mashine yenye mkono mrefu unaoingia ndani ya kiatu, na mashine hiyo si kifaa cha fundi anayekaa chini ya mwavuli.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, na sitaficha upendeleo wangu. Kati ya ngozi ya juu na soli huwekwa ukanda mwembamba wa ngozi unaozunguka kiatu, unaoitwa welti. Mshono wa kwanza, uliofichika, huunganisha ukanda huo na ngozi ya juu pamoja na soli ya ndani. Mshono wa pili, unaoonekana ukingoni, huunganisha ukanda na soli ya nje. Kazi hiyo zamani ilifanywa kwa mkono pekee, mpaka Charles Goodyear Jr., mtoto wa yule aliyevumbua namna ya kuimarisha mpira kwa salfa na joto, alipoendeleza mashine ya kuifanya na kuipatia hataza mwanzoni mwa miaka ya 1870. Faida yake ni rahisi kuielewa. Uzi unaoshika soli ya nje hauingii ndani ya kiatu wala hauigusi ngozi ya juu. Fundi anaukata, anaondoa soli iliyoisha, anashona mpya kwenye ukanda uleule kwa sindano yake ya mkono akiwa nje ya kiatu muda wote. Ukanda wenyewe ukichoka, nao hubadilishwa. Aidha, nafasi inayobaki katikati hujazwa magome ya mti wa koki yaliyosagwa, ambayo polepole hufuata umbo la unyayo wa mwenye kiatu, na ndiyo maana kiatu cha namna hii huwa kigumu wiki za mwanzo halafu kikawa cha starehe baadaye. Viwanda vya mji wa Northampton, Uingereza, vimejijengea jina kwa kazi hii, na viatu vyao huonekana mara mojamoja kwenye mitumba.

Hapa pana hila ambayo kila mnunuzi aifahamu. Kwa kuwa mstari wa uzi ukingoni umekuwa alama ya ubora, viwanda vingi hubandika juu ya soli ya gundi ukanda wa plastiki wenye nyuzi zilizoshonwa, au hata zilizochapwa tu, ambazo hazishiki chochote. Kugundua si vigumu. Geuza kiatu na utafute uzi huohuo upande wa chini, ama wazi ama ndani ya mfereji uliochimbwa kwenye soli. Linganisha nafasi za tundu hadi tundu juu na chini, kwa sababu mshono wa kweli ni mmoja na nafasi zake zinalingana pande zote mbili. Pinda kiatu taratibu na utazame kama ukanda unaachana na ngozi kukaonekana gundi. Kisha papasa ndani: kama kuna welti ya juu, na tena kuna mshono wa Blake sakafuni, basi mara nyingi ile welti ni pambo. Soli nyingine nzuri huuficha uzi chini ya kipande chembamba cha ngozi kilichobandikwa, kwa hiyo kutoonekana kwa uzi chini hakutoshi kukikataa kiatu. Lakini muuzaji anayejua mali yake atakueleza hilo bila kubabaika.

Wapo wanaouliza kuhusu desturi yetu ya kununua kiatu kipya cha gundi na kukipeleka siku hiyohiyo kwa fundi akizungushie uzi. Kwa soli nene ya raba yenye ukingo wa kutosha, ni jambo la busara na mimi hulifanya. Kwa soli nyepesi ya povu haina faida, kwa sababu uzi hulikata povu taratibu kila hatua. Na pale ambapo sindano inalazimika kuitoboa ngozi ya juu kwa sababu soli haina ukingo, ni hasara, maana mstari wa matundu karibu na mahali kiatu kinapopinda ndipo ngozi itakapochanika.

Sasa ngozi yenyewe. Ngozi ya ng'ombe si kitu kimoja kutoka juu hadi chini. Uso wake wa nje, palipokuwa na manyoya, una nyuzi zilizosongamana sana na ndio wenye nguvu zaidi. Kadiri unavyoshuka kuelekea upande wa nyama, nyuzi hulegea. Ngozi bora ya viatu ni ile iliyoachiwa uso huo wote, ikiwa na vitundu vya manyoya na hata kovu dogo la mwiba hapa na pale. Inayofuata ni ngozi iliyosuguliwa kwa msasa kuondoa makovu, kisha ikapakwa tabaka la rangi na plastiki ili ionekane laini na ya aina moja. Chini ya hapo ni ngozi ya tabaka la ndani, iliyochanwa na kutengwa na uso. Ikiachwa na malaika yake inakuwa swedi, ambayo ni nzuri kwa viatu vya kawaida, lakini ikifunikwa plastiki nene na kuuzwa kama ngozi ya uso, huo ni udanganyifu. Mwisho kabisa kuna mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa kemikali juu ya kitambaa, jinsi ubao unavyotengenezwa kwa unga wa mbao, na muuzaji anaweza kuapa kwamba ni ngozi na akawa hajasema uongo kamili. Kiatu cha namna hiyo huanza kumenyuka ndani ya muda mfupi na hakuna dawa inayokiponya.

Namna ya kutofautisha? Bonyeza kwa kidole gumba mahali kiatu kitakapopinda. Ngozi yenye uso wake hutoa mikunjo midogo, mingi, inayotawanyika kutoka kwenye kidole na kutoweka ukiachia. Ngozi iliyopakwa plastiki nene hutoa mikunjo michache mipana, au hubonyea tu bila kukunjamana. Tafuta ukingo uliokatwa, kwa kawaida ndani ya ulimi au karibu na vitundu vya kamba: nyuzi zilizochanganyikana ovyo ni ngozi, kitambaa kilichofumwa kwa mpangilio si ngozi. Nusa pia, ingawa pua hudanganywa na marashi ya kiwandani. Jaribio la kiberiti ambalo wauzaji wetu hulipenda mno, la kupitisha moto juu ya kiatu na kutangaza kwamba hakikuungua, halithibitishi kitu. Moto wa sekunde moja hauunguzi hata baadhi ya ngozi bandia, na ukikaa zaidi unaiharibu ngozi halisi. Usikubali kiatu utakachokinunua kichomwe.

Bitana husahaulika, na ni makosa kuisahau. Mguu hutoa jasho jingi, hasa katika joto la hapa na soksi za nailoni, na bitana ya ngozi hunyonya jasho hilo na kuliachia usiku. Bitana ya plastiki hulirudisha mguuni. Nikiona kiatu cha ngozi nzuri nje na plastiki ndani, hasa kwenye kisigino, najua mtengenezaji aliokoa fedha mahali alipodhani sitatazama.

Kwa wanaonunua mitumba pale Mlango Mmoja, kuna msaada ambao wengi hawautumii. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1994 iliviagiza viatu vinavyouzwa huko vioneshe malighafi yake kwa michoro midogo, na michoro hiyo huwa imechapwa kwenye soli au ndani ya ulimi. Upande mmoja kuna picha ndogo za kiatu zinazoonesha sehemu inayozungumziwa: ya juu, bitana pamoja na sakafu, na soli ya nje. Mbele ya kila picha kuna alama ya malighafi. Umbo la ngozi ya mnyama iliyowambwa maana yake ni ngozi. Umbo hilohilo likiwa na almasi ndogo katikati ni ngozi iliyopakwa tabaka la kitu kingine. Wavu wa mistari iliyofumana ni kitambaa. Almasi peke yake ni malighafi nyingine, ambayo mara nyingi ni plastiki au mpira. Alama huwekwa kwa malighafi inayochukua angalau asilimia 80 ya sehemu husika. Kiatu chenye alama ya ngozi mahali pote patatu ni nadra kwenye rundo, na ukikikuta kwa bei ya kawaida ya rundo, mpigie muuzaji hesabu haraka kabla mwingine hajafika.

Lakini mitumba ina hatari yake, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ya ngozi bandia. Soli nyingi nyepesi za viatu vya Ulaya ni za povu la polyurethane, ambalo huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa. Kiatu kimekaa kabatini miaka kadhaa huko kilikotoka, kikasafiri katika robota, kikafika kando ya ziwa letu lenye hewa ya unyevu, na kwa juu kinaonekana kipya. Unakivaa kanisani mara ya kwanza na soli inabaki vipandevipande nyuma yako. Kabla ya kulipa, bonyeza soli kwa ukucha pembeni. Ikiwa inanata, inatoa unga au inaacha shimo lisilorudi, iache. Soli ya raba halisi au ya ngozi haina ugonjwa huu. Mtu aliyependa sana sehemu ya juu anaweza kukinunua kwa bei ya chini na kumpelekea fundi abadilishe soli yote, lakini aijumlishe gharama hiyo kabla ya kufurahi.

Kuhusu soli ya ngozi, watu wa miji yenye mazulia na lami kavu huisifu kwa sababu inapumua na ina sauti ya heshima sakafuni. Hapa siipendekezi bila kinga. Ngozi iliyolowa huliwa na changarawe haraka sana, na kwenye mwamba uliolowa inateleza. Ukinunua kiatu cha soli ya ngozi, mpelekee fundi kikiwa bado kikavu na kipya aongeze nusu soli ya raba nyembamba mbele na kipande kigumu kwenye kisigino, na gharama hiyo ndogo itakurudia mara nyingi.

Kipimo cha mguu kinadai uvumilivu kuliko fedha. Namba za Ulaya bara hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, za Uingereza kwa theluthi moja ya inchi, ambayo ni kama milimita 8.5, na za Marekani kwa wanaume huwa juu ya zile za Uingereza kwa moja hivi. Ndiyo maana 42 ya Ulaya hukaribia 8 ya Uingereza na 9 ya Marekani bila kulingana nayo kabisa, na ndiyo maana namba pekee haitoshi. Jaribu kiatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kutembea kutwa, ukiwa na soksi utakazovaa nazo. Simama, usikae. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya kama upana wa kidole gumba. Sehemu pana ya unyayo ikae mahali kiatu ni kipana. Kisigino kisipande na kushuka ovyo. Ngozi itaongezeka upana kwa kuvaliwa, urefu hauongezeki, kwa hiyo kiatu kinachobana ncha za vidole dukani kitabana daima. Wengi wetu tulikua tukitembea pekupeku na vidole vyetu vimetanuka mbele, na kiatu chembamba chenye ncha kali, hata kiwe cha bei gani, kitaigeuza miguu hiyo kuwa ya malengelenge. Kwenye viatu vya Kiingereza utaona herufi kando ya namba. Kwa watengenezaji wengi F ni upana wa kawaida na G ni mpana zaidi, na mtu wa mguu mpana aitafute herufi ya upana zaidi badala ya kuongeza namba ya urefu.

Mitindo sitaizungumzia sana, maana ubora ndio ninaoujali. Kiatu rasmi cha kamba kina sura mbili. Katika oksifodi, mabawa yenye vitundu vya kamba yameshonewa chini ya ngozi ya mbele, na yakifungwa yanakutana. Hicho ndicho cha suti, harusi na mahakamani. Katika dabi, mabawa yameshonewa juu na yanafunguka, jambo linaloufaa mguu mpana au wenye mgongo wa juu, na kwa kazi za kila siku za ofisini kinatosha kabisa. Kwa siku za kawaida kuna moka, isiyo na kamba, ambayo lazima ikae sawasawa tangu dukani kwa kuwa haina cha kukazia, na kuna buti fupi za swedi zenye vitundu viwili au vitatu kila upande. Swedi ivaliwe kiangazi. Vumbi lake hutoka kwa brashi kavu, tope la masika halitoki kirahisi.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba sisi wa Kanda ya Ziwa tunatafuta ngozi nzuri kwenye marobota ya Ulaya ilhali nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30 na sehemu kubwa yao iko huku kwetu. Ngozi zetu hushuka daraja kwa mambo yanayozuilika: chapa ya moto inayopigwa ubavuni badala ya mguuni au shavuni, kupe, miiba, na visu vya wachunaji vinavyochimba ngozi kutoka upande wa nyama. Lakini malighafi ipo, na hata magome ya miwati ya Njombe hutoa tanini inayosindika ngozi kwa njia ya mimea, njia ya polepole kuliko ya kromiamu, inayotoa ngozi ngumu na nzito ifaayo kwa soli, mikanda na welti. Ujuzi nao upo. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ina kampasi yake hapa Mwanza inayofundisha teknolojia ya ngozi, na Moshi kuna kiwanda cha viatu cha Karanga. Upande wa Kisumu wako wanaosindika hata ngozi ya sangara, ambayo kwa wembamba wake ni imara ajabu, japo mimi ningeipenda kama pambo la kiatu kuliko kiatu kizima.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda Mlango Mmoja, namshauri mtu afikirie kumwagizia fundi wa hapa. Ayafanye haya: aombe kuiona ngozi ikiwa bado haijakatwa na aibonyeze kama nilivyoeleza, achorwe miguu yote miwili kwenye karatasi, maana mara nyingi haifanani, aulize kama soli itashonwa kwenye ukanda au itabandikwa, na aombe uzi mnene wa nailoni uliopakwa nta. Fundi mmoja mzee ninayempelekea kazi zangu karibu na Soko Kuu aliniambia, "Mwanangu, mteja akiniuliza uzi nitakaotumia, najua huyo atarudi." Anatoza zaidi kwa kazi ya welti kwa sababu inachukua muda mrefu, na nampa bila kubishana.

Utunzaji haupaswi kuwa mzigo. Kiatu kimoja kisivaliwe siku mbili mfululizo kama inawezekana, ili jasho likauke. Ndani kiwekewe kalibu za mbao, na asiyekuwa nazo ajaze magazeti. Kikilowa, kikaukie kivulini mahali penye hewa, mbali na jiko na mbali na bati la jua kali, kwa sababu joto huzikakamaza nyuzi za ngozi na nyufa zake hazirudi. Futa vumbi kwa brashi kabla ya kupaka chochote, la sivyo unalisugulia mchanga kwenye ngozi. Dawa ya kopo yenye nta ipakwe kidogo na isuguliwe sana. Ile ya maji yenye sponji, inayong'arisha kwa nusu dakika, huacha utando unaoziba ngozi na baadaye kupasuka, na sijui kwa nini tunaipenda hivyo. Masika ikileta ukungu mweupe, ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kiatu kiachwe wazi, kisirudishwe kwenye mfuko wa plastiki.

Nikirudi kwa mpwa wangu: jozi ya kwanza iwe dabi nyeusi, ya ngozi yenye uso wake, bitana ya ngozi, welti ya kweli na soli ya raba, kwa kuwa hiyo ataivaa kazini, kanisani na misibani bila mtu kumtazama vibaya. Ya pili iwe moka ya kahawia, nayo inaweza kuwa ya Blake, kwa sharti kwamba aivae siku kavu. Kama fedha za mwezi huu hazifiki jozi mbili nzuri, asinunue mbili dhaifu. Anunue dabi, aikabidhi kwa fundi mara tu kisigino kinapoanza kulika upande mmoja, kabla kulika huko hakujafika kwenye welti, na moka tutaitafuta pamoja mshahara wa pili au wa tatu utakapoingia.